Namna ya kuandika maelezo ya funksheni ya heshi ya nywila ili mwenzako asikosee

Kila mwaka ofisi ndogo za programu hapa Dar, kuanzia Kijitonyama hadi Posta, hupokea vijana wa fildi kutoka UDSM, DIT na IFM. Kazi ya kwanza wanayopewa huwa inaonekana nyepesi: ukurasa wa kujisajili na wa kuingia kwenye mfumo wa duka la Kariakoo, au wa SACCOS fulani ya Tandika. Kijana anafungua maelezo rasmi ya password_hash, funksheni ya lugha ya PHP inayogeuza nywila kuwa heshi (mfuatano wa herufi usioweza kurudishwa kuwa nywila), anayasoma, anaelewa kila sentensi, kisha anaandika msimbo ambao haufanyi kazi. Au unafanya kazi vizuri siku ya maonyesho, halafu unavunjika wateja wakishajaa.

Maelezo rasmi hayana kosa. Shida ni kwamba yamepangwa kwa kufuata vigezo: kigezo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kinachorudishwa, mabadiliko ya matoleo. Anayesoma hakuja na vigezo kichwani. Kaja na swali, tena mara nyingi ni swali ambalo hajui kama analo. Kwa hiyo kila timu inahitaji ukurasa wake mmoja wa ndani, kwa Kiswahili, unaokaa kati ya maelezo rasmi na mtu anayeandika msimbo. Hapa chini ni namna ya kuuandika. Nimetumia PHP kwa sababu ndiyo utakayoikuta kwenye seva nyingi za bei nafuu, lakini ukifanya kazi kwa Python au Go utabadilisha majina tu.

Hatua ya 1: Kusanya makosa kabla ya kuandika neno lolote

Usianze kwa kueleza heshi ni nini. Pitia msimbo wa zamani wa ofisi, soma maoni mliyoandikiana mlipokuwa mnakagua kazi, muulize kijana aliyemaliza fildi alikwama wapi. Orodha utakayopata itafanana sana na hii: alilinganisha heshi mbili kwa alama ya ==; aliandika WHERE nywila = kwenye SQL, lugha ya kuulizia kanzidata; safu ya jedwali ilikuwa fupi; alitengeneza chumvi (herufi za nasibu zinazochanganywa na nywila wakati wa kutengeneza heshi) yake mwenyewe kwa kufuata somo la zamani la mtandaoni; alisafisha nywila wakati wa kusajili lakini hakuisafisha wakati wa kuingia.

Hayo ndiyo yatakayokuwa vichwa vya ukurasa wako. Vichwa vyake viwe maswali jinsi mtu anavyoyauliza. "Mbona heshi inabadilika kila nikiijaribu?" ni kichwa kizuri kuliko "Uzalishaji wa chumvi". Mtu aliyekwama saa nne usiku anatafuta maneno yake mwenyewe, hatafuti ya kwako.

Hatua ya 2: Onyesha jibu la funksheni, ulikate vipande

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo wengi wanairuka. Maswali mengi kuhusu funksheni hii hujibika kwa kuitazama heshi yenyewe. Chukua heshi moja halisi uiweke juu kabisa ya ukurasa. Maelezo rasmi ya PHP yenyewe yana moja nzuri sana kwa kazi hii:

$2y$07$BCryptRequires22Chrcte/VlQH0piJtjXl.0t1XkA8pw9dMXTTOq

Nywila iliyozaa heshi hiyo ni rasmuslerdorf, jina la mwanzilishi wa PHP. Sasa ikate:

$2y$ inataja algoriti, yaani bcrypt.
07$ ni gharama. Heshi ilitengenezwa kwa mizunguko 2 kwa kipeo cha 7, yaani 128.
BCryptRequires22Chrcte ni chumvi, herufi 22.
Zilizobaki, herufi 31 kuanzia kwenye mkwaju, ndizo heshi yenyewe.

Jumlisha: 7, 22 na 31 ni 60. Msomaji akishaona hivyo, maswali matatu yanakufa kwa mpigo. Chumvi haihitaji safu yake kwenye jedwali, kwa sababu imo ndani. Gharama nayo haihitaji kuandikwa pembeni. Na heshi hubadilika kila mara kwa sababu chumvi hubadilika kila mara. Hiyo ndiyo kazi yake, ili watu wawili wenye nywila moja wasifanane kwenye kanzidata.

Faida nyingine ya kutumia mfano huu ni kwamba unajaribika. Andika chini yake mstari wa password_verify, funksheni inayokagua kama nywila inalingana na heshi:

var_dump(password_verify('rasmuslerdorf', '$2y$07$BCryptRequires22Chrcte/VlQH0piJtjXl.0t1XkA8pw9dMXTTOq'));

Anayesoma auendeshe aone true kwa macho yake. Ukurasa wa kiufundi usio na mstari wa kuendeshwa ni hotuba.

Hapohapo weka onyo la alama za dola, maana litakuokoa. Kwenye PHP, heshi ikiandikwa ndani ya alama za nukuu mbili badala ya moja, $BCryptRequires22Chrcte inasomwa kama jina la kigeugeu kisichokuwepo na kufutwa. Heshi ya herufi 60 inabaki na 37, na password_verify inarudisha false bila kukwambia kwa nini. Kwenye mstari wa amri wa Linux nako dola ina maana yake, na kwenye mafaili ya docker-compose inabidi iandikwe mara mbili. Mtu anayetaka kubandika heshi ya msimamizi wa kwanza kwenye faili la usanidi atapotea hapa, na atapotea kwa muda mrefu.

Hatua ya 3: Chagua maneno, kisha usiyabadilishe

Amua kama mtasema nywila au nenosiri, na mkae hapo. Muhimu zaidi, usiandike "imesimbwa" ukimaanisha heshi. Kilichosimbwa kinaweza kusimbuliwa na mwenye ufunguo. Heshi haina ufunguo wala haina njia ya kurudi. Mchanganyo huu wa maneno unafika mpaka kwa mteja: mwenye duka anapiga simu, "Kaka, kijana wangu wa kaunta ameondoka, hebu nifungulie nione alikuwa ameweka nini." Jibu ni kwamba hakuna cha kufungua, hata kwenu waandishi wa mfumo, mtampa njia ya kuweka nywila mpya. Ukurasa ukiwa umeandika "imesimbwa", hata mtu wa huduma kwa wateja atamwahidi kisichowezekana.

Hatua ya 4: Eleza kulinganisha kwa msimbo kamili

Usitoe password_hash peke yake. Anayeisoma peke yake atatengeneza heshi mpya wakati mtumiaji anaingia, alinganishe na ya zamani, akute hazifanani, aseme funksheni ina kasoro. Weka hatua zote mahali pamoja: tafuta mtumiaji kwa jina au namba ya simu, chukua heshi yake, ipeleke kwenye password_verify pamoja na nywila aliyoandika.

$sawa = password_verify($nywila, $mtumiaji['heshi']);

Funksheni hii inasoma algoriti, gharama na chumvi kutoka kwenye heshi, inarudia hesabu, kisha inalinganisha kwa namna isiyovujisha taarifa kupitia muda inaotumia. Sema wazi kwamba kanzidata haishiriki kulinganisha nywila. Ukiandika sentensi hiyo, WHERE nywila = itapotea ofisini.

Hatua ya 5: Mipaka iandikwe kwa herufi kubwa

Hapa usibane maneno. Maelezo rasmi yanataja kwamba bcrypt inasoma baiti 72 za kwanza na kuacha nyingine. Ni sentensi moja, na msomaji huipita, kwa kuwa nani ana nywila ya herufi 72?

Mwishoni mwa Oktoba 2024, kampuni ya Okta ya Marekani, ambayo biashara yake ni kuthibitisha watumiaji wa makampuni mengine, ilitangaza udhaifu uliotokana na sentensi hiyohiyo. Walikuwa wanatengeneza ufunguo wa kumbukumbu ya muda (cache) kwa bcrypt, wakiunganisha kitambulisho cha mtumiaji, jina lake, kisha nywila. Jina likiwa refu, herufi 52 au zaidi, lilimaliza nafasi yote kabla nywila haijafikiwa. Katika mazingira fulani mtu angeweza kuingia bila nywila sahihi. Hao ni watu wenye wataalamu wa kutosha. Kwa hiyo ukurasa wako usiseme tu "kikomo ni baiti 72". Useme: usiunganishe kitu chochote na nywila kabla ya kuipeleka kwenye funksheni, na ukataze kwenye fomu nywila inayozidi kikomo badala ya kuiacha ikatwe kimyakimya. Maktaba ya bcrypt ya Go hurudisha kosa nywila ikizidi. PHP huikata na kuendelea.

Eleza pia kwamba baiti na herufi ni vitu viwili. Kiswahili kinatudanganya hapa, kwa sababu herufi zetu za kawaida ni baiti moja moja, kwa hiyo strlen, ambayo huhesabu baiti, na idadi ya herufi hulingana na mtu anazoea. Emoji nyingi ni baiti nne kila moja. Kumi na nane zinajaza nafasi yote.

Na kuna jambo ambalo hulikuti kwenye maelezo rasmi kwa sababu halikuwahusu walioyaandika: alama ya ng'. Mtu akichagua nywila yenye ng'ombe au ng'ambo, kuna alama iliyonyooka, ambayo ni baiti moja, na kuna iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe, na hiyo kwenye UTF-8 ni baiti tatu. Kwa jicho ni neno moja. Kwa bcrypt ni nywila mbili tofauti kabisa. Karani wa SACCOS anayeandaa nywila za mwanzo za wanachama kwenye Word, anazichapisha na kuwagawia, anaweza kusajili iliyopinda, kisha mwanachama anaandika iliyonyooka kwenye simu na kukataliwa. Andika uamuzi wenu: ama alama hiyo igeuzwe kuwa iliyonyooka pande zote mbili, kusajili na kuingia, ama nywila za mwanzo zisitumie alama hiyo kabisa. Mimi nachagua la pili kwa nywila zinazogawiwa, na la kwanza kwa zinazochaguliwa na mtu mwenyewe.

Ukiacha alama hiyo, kanuni pana zaidi ni kutoigusa nywila. Hakuna trim (kukata nafasi za pembeni) upande mmoja, hakuna htmlspecialchars (kugeuza alama za HTML), hakuna kupunguza herufi kubwa. Nywila haichapishwi kwenye ukurasa, na inapofika kwenye kanzidata tayari ni heshi, kwa hiyo sababu za kuisafisha hazipo.

Mpaka wa tatu ni wa hapa kwetu zaidi. Watu wamezoea namba ya siri ya tarakimu nne kwa sababu ya pesa za simu, na mteja atataka hivyohivyo kwenye mfumo wake. Maelezo mengi humfanya msomaji aamini kwamba bcrypt itamlinda. Piga hesabu hiyo ndani ya ukurasa. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000. Tuseme heshi moja inachukua robo sekunde kwenye seva yenu. Mwizi aliyepata nakala ya kanzidata, akiwa na mashine yenye nguvu kama yenu tu, anahitaji sekunde 2,500 kujaribu yote. Ni kama dakika 42 kwa mtumiaji mmoja, na kwa wastani atampata katikati ya njia. Heshi haitengenezi nguvu ambayo nywila haina. Kama mteja anang'ang'ania namba ya siri, basi iwe kwa kazi ndogo, yenye kufungiwa baada ya majaribio machache, na ajue kwamba kufungiwa huko hakusaidii kanzidata ikishaibiwa.

Hatua ya 6: Gharama ipimwe, isinakiliwe

Gharama ya bcrypt ni namba kati ya 4 na 31, na kila ukiongeza moja muda unakuwa mara mbili. Kwa hiyo kutoka 10 kwenda 12 ni mara nne, siyo asilimia ishirini kama wengi wanavyodhani. Liandike hilo kwa hesabu yake.

Chaguo-msingi la PHP lilikuwa 10 tangu funksheni ilipoingia kwenye toleo la 5.5 mwaka 2013, mpaka toleo la 8.4 la Novemba 2024 lilipoipandisha hadi 12. Maana yake, mtu anayesasisha PHP bila kubadilisha msimbo wowote ataona usajili umekuwa mzito. Atalaumu mtandao, kisha atalaumu seva. Mpe mstari wa kupimia:

for ($g = 9; $g <= 14; $g++) {
  $mwanzo = microtime(true);
  password_hash('jaribio', PASSWORD_BCRYPT, ['cost' => $g]);
  echo $g, ': ', round(microtime(true) - $mwanzo, 3), "\n";
}

Uendeshwe kwenye seva ya kazi, siyo kwenye laptopu ya ofisini. Weka matokeo ya seva yenu kwenye ukurasa pamoja na toleo la PHP lililotumika. Usishuke chini ya 10.

Ukiamua kutumia Argon2id, algoriti ya familia iliyoshinda shindano la kimataifa la heshi za nywila mwaka 2015, ongeza aya kuhusu RAM. Kwa chaguo-msingi la PHP, kila heshi inachukua MiB 64. Watu kumi wakiingia kwa wakati mmoja ni MiB 640. Kwenye seva ya kukodi yenye GB 1, ambayo pia inabeba MySQL, Jumatatu saa mbili asubuhi wafanyakazi wote wanapofungua mfumo itakuwa kazi kubwa. OWASP, jumuiya ya kimataifa ya usalama wa programu, wanakubali kushusha hadi MiB 19 kwa mizunguko miwili. Kwa seva ndogo mimi ningebaki na bcrypt nilale usingizi.

Hatua ya 7: Hifadhi na uhamisho

Safu ni VARCHAR(255). Sema sababu, la sivyo atakuja mtu "kuokoa nafasi": bcrypt ni herufi 60, Argon2id kwa chaguo-msingi la PHP ni 97, na PASSWORD_DEFAULT (algoriti ambayo PHP hujichagulia) imeachwa wazi ili siku moja ibadilike. MySQL iliyozimiwa ukali (strict mode) itakata heshi isiyoenea bila kukataa, na mtumiaji hataingia tena milele.

Chumvi: msomaji asitoe. Chaguo hilo lilitangazwa kuachwa kwenye PHP 7.0, na kuanzia 8.0 linapuuzwa. Masomo ya zamani bado yapo mtandaoni, kwa hiyo litaje kwa jina lake, salt, ili akiligusa akumbuke.

Kupandisha gharama ya heshi za zamani hufanyika pale mtu anapoingia tu, kwa sababu ndipo mnapokuwa na nywila yake mkononi. Baada ya password_verify kukubali, uliza password_needs_rehash kama heshi hiyo imepitwa na mipangilio yenu ya sasa. Ikijibu ndiyo, tengeneza heshi mpya na uihifadhi. Mistari mitatu, iweke kamili.

Mfumo wa zamani wenye MD5, algoriti ya heshi ya zamani iliyo dhaifu, usisubiri watu waingie. Chukua kila MD5 iliyopo, ipitishe kwenye password_hash usiku mmoja, weka alama kwenye safu nyingine kwamba hii ni ya mseto, na wakati wa kuingia pitisha nywila kwenye md5 kwanza kwa wenye alama hiyo tu. Akishaingia, mtengenezee heshi safi na uondoe alama. Nakala za zamani za kanzidata zenye MD5 tupu zifutwe pia, zikiwemo zile zilizoko kwenye flashi ya mtu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kutunza taarifa za wateja kwa usalama ni wajibu wa kisheria wa huyo mwenye duka, na atawageukia nyinyi.

Hatua ya 8: Mpe mtu asome huku umenyamaza

Mchukue mtu ambaye hajawahi kuandika ukurasa wa kuingia. Mpe ukurasa wako na kazi moja: aandike usajili na kuingia, bila kukuuliza. Kaa pembeni yake usiseme kitu. Anapopandisha ukurasa juu kutafuta kitu, andika alichokitafuta. Hicho kiko mahali pasipo pake. Anapofungua Google, andika alichoandika pale. Hicho hakipo kabisa kwenye ukurasa. Anapokuuliza ana kwa ana, usijibu kwa mdomo. Jibu kwa kuhariri ukurasa, kisha mwambie asome tena.

Mwisho mpe majaribio manne: nywila ya kawaida, nywila yenye ng' iliyopinda, nywila ya herufi 80 na nywila yenye nafasi mwishoni. Zote ziwe na jibu lililoandikwa kwenye ukurasa, na msimbo wake utoe jibu hilohilo. Juu kabisa, kabla ya kichwa, weka toleo la PHP, gharama mnayotumia na tarehe ya kupima. Atakayesasisha seva ndiye mwenye jukumu la kubadilisha mstari huo, siku hiyohiyo.